Habari ya Pili

Miguu ya Bi Shukriya ilivimba Roma, ikavimba zaidi Ufaransa, na walipofika Kordoba ilikuwa haiingii tena katika viatu alivyonunuliwa makusudi kwa safari. Khulood, binti yake, ndiye aliyemchagulia viatu hivyo katika duka moja la Maskati, akamwapia kwamba ni laini, atatembea dunia nzima asijue kama ana miguu. Uongo mtupu. Lakini Shukriya hakumlaumu binti, wala hakuvilaumu viatu. Mtu anayetembea kutwa amemshika mwenzake mkono, macho yote kwa mwenzake na hata moja haliko njiani, huvimba miguu hata akivalishwa mito.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Mwaka 2003 mumewe, Bwana Badar, alistaafu kazi ya serikali hapo Nizwa, ambako kwa miaka mingi alikuwa akikagua falaji, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji kutoka milimani hadi kwenye mashamba ya mitende. Ofisini kwake alikuwa ametundika picha ya daraja la maji la Warumi, lililoko kusini mwa Ufaransa, na hakuna mgeni aliyeingia mle akatoka bila ya kuhadithiwa. "Hao nao walikuwa na falaji yao," alikuwa akisema, "ila wao waliipandisha juu ya matao." Khulood, anayefanya kazi benki, aliikumbuka picha hiyo. Akawakatia tiketi wazee wake wote wawili katika msafara wa watalii wa Kiomani: Roma, Ufaransa ya kusini, halafu Uhispania.

"Baba aende akaone mwenyewe," alisema. "Yaani maisha yake yote anaongea hii daraja tu. Khalas, aende."

Shukriya angependa kukataa. Alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kukataa, na sababu hiyo ndiyo aliyokuwa ameapa kutoitamka.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, yeye na Badar walikuwa wakirudi Nizwa kutoka Bahla, njia ambayo Badar aliiendesha tangu haijatiwa lami. Katikati ya njia akasimamisha gari pembeni, mikono miwili juu ya usukani, akauliza kwa adabu, kama anayemuuliza mpita njia, "Bi Shukriya, hii njia inakwenda wapi?" Shukriya alicheka, akadhani anafanyiwa mzaha. Alipomtazama usoni kicheko kikamkauka. Daktari wa Maskati waliyemwendea baadaye aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema hautarudi nyuma, utakwenda mbele tu, polepole au haraka, Mungu ndiye ajuaye. Siku hiyo, walipofika nyumbani, Badar alimwapisha.

"Usimwambie mtu. Watoto usiwaambie. Musallam ndiyo kabisa."

Musallam ni kaka yake mkubwa, anayekaa Ibra, mji wa asili ya ukoo wao. Baba yao alifariki Tabora wao wangali wadogo, na Musallam ndiye aliyemlea Badar, akamsomesha, akamwoza, akamtangulia kurudi Omani na kumwita nyuma yake. Siku hizi Musallam alikuwa mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake, na jambo lolote la ukoo, liwe la posa au la ugomvi, alikuwa halikati mpaka asikie neno la Badar. "Kaka ananiona mimi ndiye mwenye akili nyumba nzima," alisema Badar. "Sitaki anione nimepungua."

"Wallahi simwambii," alisema Shukriya. Alilisema upesi, kama unavyomwitikia mtoto anayelia. Hakujua kiapo hicho kina uzito gani.

Tangu siku ile akawa yeye ndiye kichwa cha watu wawili. Simu ikilia, alitangulia kuipokea na kulitaja jina la mpigaji kwa sauti. Wageni wakija, alimwinamia mumewe kama anayemwekea mto, akamnong'oneza, "Huyu Nadhir, mtoto wa Musallam, ameoa juzi." Badar naye alikuwa hodari wa kujibeba. Alijua kutabasamu, alijua kuitikia, alijua kusema "Eh, mambo ya dunia" mahali palipofaa. Watu waliondoka wakisema Bwana Badar amezidi busara, siku hizi hana maneno mengi. Na Shukriya akiisha kufunga mlango hukaa chini palepale penye viatu vya wageni, akapumzika kabla ya kuinuka.

Ndipo ikaja hiyo zawadi.

Roma, kiongozi wa msafara alitembea mbele ameinua mwavuli mwekundu, na jua lote lile. Waliingizwa katika uwanja mkubwa ambamo Warumi walikuwa wakitazama watu wanauana, kisha wakapelekwa penye soko lao la kale na mahekalu yao, nguzo hapa, kizingiti pale, nyasi katikati. Badar alitazama huku na huku kwa huruma.

"Nani kafariki hapa?" aliuliza.

"Hakuna aliyefariki. Ni majumba ya zamani, ya Warumi."

"Mbona hayana mapaa?"

"Yameanguka, Bwana. Zamani."

Wakapiga hatua chache. "Nani kafariki hapa?" aliuliza tena.

Asubuhi Shukriya alimjibu kwa maelezo ya kitabuni, mfalme gani alijenga nini na kwa ajili gani. Adhuhuri alimjibu kwa neno moja. Alasiri alikuwa anasema "Ndiyo" tu, ndiyo wamefariki, ndiyo wote, na Badar akawa anawasomea fatiha Warumi, kila penye jiwe lililosimama, mikono ameikunjua. Watalii wengine wakampiga picha. Shukriya aliona hasira inampanda, akawa hajui anamkasirikia nani, halafu akaona haya, kisha uchovu ukaja ukafunika hasira na haya pamoja.

Katika msafara alikuwamo Fawziya, mjane wa mji wa Sur, mwalimu mkuu wa zamani, mzaliwa wa Unguja kama Shukriya mwenyewe. Alikuwa na macho ya kusahihisha madaftari. Tena alikuwa jamaa ya mke wa Musallam, yaani neno likiingia katika sikio la Fawziya asubuhi, jioni limeshafika Ibra, limevaa nguo mpya. Shukriya alimkwepa kadiri alivyoweza. Kwenye basi alikaa mbali naye, na mezani alimkalisha Badar upande wa ukutani, akamkatia nyama yake kwa hila, huku anajidai anaonja.

"Bwana wako mpole kweli," Fawziya alisema siku moja, wanangojea lifti ya hoteli.

"Ndivyo alivyo. Watu wa bara hawana kelele," alijibu Shukriya.

"Aa, shoga yangu, mimi watu wa bara nawajua. Wana kelele kutushinda sisi."

Shukriya akacheka kicheko kisichofika popote. Lifti ikaja.

Kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Nîmes, walifika hatimaye penye daraja lile la picha. Shukriya alikuwa ameliogopa kuliko mahali pengine pote, maana ndilo lililokuwa roho ya safari, na kama Badar atalitazama kama alivyotazama vingine, basi pesa za binti na miguu yake yeye vimepotea bure. Basi likasimama, wakatembea chini ya miti, na daraja likajitokeza juu ya mto, matao juu ya matao juu ya matao, rangi ya mkate uliookwa vizuri.

Badar akasimama. Akamwachia mkono.

"Hili ndilo," alisema.

Akapanda ngazi za mlimani mbio kuliko vijana, Shukriya anahema nyuma yake, mpaka kule juu ambako mfereji wenyewe unaonekana unavyoingia darajani. Akaweka kiganja kwenye ukuta wake wa ndani, uliojaa ukoko mzito wa chokaa ya maji. Akaanza kusema. Alisema maji haya yalikuwa mazito, yenye chumvi ya mawe, kama ya falaji fulani anayoijua nyuma ya Nizwa, na kwamba lazima kulikuwa na watu wa kuukwangua ukoko huu, la sivyo maji yangekabwa. Alisema mteremko ni mdogo mno hata jicho haliuoni, na hapo ndipo ilipo kazi. Watu wa msafara walimzunguka, wakauliza maswali, naye akawajibu moja moja, sauti yake ile ya ofisini, kidole chake kile kirefu kikionyesha. Shukriya alimtazama mumewe aliyemwoa. Alikuwa amerudi. Alifurahi, akatafuta jiwe akakaa.

"Lakini imekufa," Badar alimaliza. Ndivyo wasemavyo Omani kwa falaji isiyo na maji. "Falaji hii imekufa."

Jiwe lilikuwa na kivuli. Shukriya akavua kiatu kimoja, akasugua kisigino, akafumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua watu walikuwa wametawanyika, na Badar hayuko.

Mtu hawezi kumwita mumewe kwa ukelele katika nchi ya watu. Aliteremka zile ngazi kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akiuliza kwa Kiarabu na kwa Kiingereza chake cha shule, na moyoni akiapa kwamba akimkuta salama hatakasirika tena maisha yake yote. Alimkuta ukingoni mwa mto, chini ya matao, suruali ameikunja, miguu yake ndani ya maji. Kando yake, juu ya jiwe, ameketi Fawziya.

"Bwana alikuwa anatafuta maji," alisema Fawziya. "Ananiuliza leo zamu ya nani kufungulia shambani."

"Aliniambia anakwenda chooni," alisema Shukriya. "Mimi nikamwambia aende. Anapenda mzaha huyu, usimsikilize."

Fawziya alimtazama, akakitazama kiatu mkononi mwake, asiseme kitu. Angeuliza, Shukriya angedanganya tena na kupoa. Kule kunyamaza kulimkaa rohoni mpaka Uhispania.

Kutoka Madrid kwenda Kordoba walipanda treni, na Badar alipoiona tu alichangamka. Omani hakuna treni. Treni kwake ilikuwa moja, nayo ilikwenda Tabora. Alikaa dirishani akawa anazitaja stesheni, Dodoma, Manyoni, Itigi, huku mashamba ya mizeituni yanapita kasi.

"Safari njema hii," alimwambia Shukriya. "Weye mama mwenyeji wa wapi?"

"Wa Unguja," alisema Shukriya.

"Ahaa! Mke wangu pia mtu wa Unguja. Lakini hapendi treni. Anasema bara kuna vumbi, na Kiswahili chetu kinamuumiza masikio." Akacheka kwa mapenzi. "Nitamchukulia asali ya Tabora. Akionja ile atanyamaza."

"Atafurahi," alisema Shukriya. Akageuza uso kwenye dirisha la upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani kwamba hakuna mtu aliyehitaji kushikwa mkono, basi akalala, na aliposhtuka walikuwa wamefika.

Na Kordoba ndiyo iliyommaliza. Mlangoni mwa msikiti mkongwe, ambao tangu zamani umefanywa kanisa, Badar alivua viatu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Mlinzi akamwashiria avae. Badar akakataa kwa heshima. Mlinzi akaja juu, foleni ikasimama, na Shukriya, kwa kuokoa jahazi, akaviokota vile viatu, akamwambia mlinzi kwa ishara kwamba bwana anaumwa na miguu, wakapita. Basi akatembea katika nguzo zile zisizokwisha, chini ya matao mekundu na meupe, mkono mmoja umemshika mume, mkono mmoja umeshika viatu vya mume, mkoba unamkata bega. Kila alipopata pa kuegemea Badar alikuwa anakwenda mbele, akiuliza imamu yuko wapi, wakati unapita. Alipofika mbele ya mihirabu akainua mikono kutaka kufunga sala. Shukriya aliona walinzi wanageuka. Akakishika kifundo cha mkono wake na kukiteremsha, na Badar akamtazama kwa mshangao wa mtoto aliyezuiwa kufanya jema.

Hapo akalia. Alilia pale mbele za watu, viatu kifuani. Wala hakuna aliyemshangaa, maana nusu ya msafara ilikuwa inalia. Walikuwa wanaililia Andalusi, misikiti iliyopotea, ufalme uliokwisha. Shukriya alililia miguu yake. Fawziya akaja kimyakimya, akampa karatasi ya kujifutia machozi, akanyoosha mkono avichukue vile viatu. Shukriya akavibana zaidi. "Ahsante," alisema, "si vizito."

Walirudi Nizwa siku ya Jumanne. Kabla hajafungua mabegi simu ikalia, na alikuwa Musallam mwenyewe kutoka Ibra. Ijumaa baada ya sala watakuja kuwapa pole ya safari, yeye na mkewe na Nadhir. Khulood naye angekuja kutoka Maskati na mapicha ya safari, aliyoyasafishisha huko. Shukriya akaweka simu chini. Akawaza: Fawziya ameshasema. Hakuweza kulala mchana wala kula, na alipojitazama kwenye kioo cha kabati aliona bibi wa watu ambaye hakumtambua mara moja.

Hata hivyo alipanga. Kwa watu wa Omani ya ndani, mgeni au msafiri akishakaa huulizwa habari kwa maneno maalumu ya Kiarabu, na jibu lake nalo ni maalumu: hakuna habari, hakuna jipya. Hata kama umetoka kumzika baba yako jana, jibu la kwanza ni hilo hilo. Habari yenyewe, kama ipo, hutoka baadaye, kahawa ikishanyweka, mtu akiulizwa mara ya pili. Shukriya, kwa asili yake ya mjini Unguja, alikuwa akiucheka mtindo huo ujana wake wote. Sasa akaushukuru. Jibu la kwanza Badar alikuwa nalo, lilikuwa limekaa ndani yake mahali ambapo ugonjwa haujafika. Hatari ilikuwa hiyo mara ya pili. Kwa hiyo mara ya pili isiwepo: kahawa ikianza tu atoe halwa, halwa ikiliwa atoe zawadi, zawadi zikifunguliwa chakula kiwe tayari. Na kahawa ataimimina yeye mwenyewe.

Kuna sababu. Kikombe cha kahawa kikiisha, usipokitikisa, mwenye dele, birika la kahawa, ataendelea kukujazia, maana hujasema basi. Badar alikuwa amesahau kutikisa. Akimiminiwa na mtu mwingine atakunywa mpaka dele likauke, na kila mtu ataona.

Ijumaa wakaja. Wakakaa wote sebuleni, watu wa nyumba moja, wazee kwa vijana. Nadhir, kwa kuwa ndiye mdogo wa wanaume, aliinuka kwenda kuchukua dele, na Shukriya akalinyakua kabla yake.

"Kaa, mwanangu. Leo mimi."

"Haifai, mama mdogo," alisema Nadhir. "Nyinyi mna uchovu wa safari."

"Nimesema kaa."

Musallam akajikohoza, akaweka fimbo yake pembeni, akamgeukia mdogo wake. "Akhbaar? Uluum?"

"Mashi khbaar, mashi uluum," alijibu Badar, mgongo umenyooka, sauti imejaa. "Salama, alhamdulillahi. Na nyinyi?"

"Mashi. Alhamdulillahi."

Ilikuwa safi kabisa. Shukriya akashusha pumzi, akaanza kumimina. Musallam akanywa, akatikisa. Mkewe akanywa, akatikisa. Badar akanywa, akanyoosha kikombe. Akajaziwa. Akanywa, akanyoosha. Akajaziwa. Alipokinyoosha tena, Shukriya akampita kama hakukiona, akaenda kwa Nadhir. Kikombe cha Badar kikabaki hewani, mkono umenyooka, unangojea. Musallam alikitazama kikombe hicho. Kisha akamtazama mmiminaji.

"Leteni mapicha!" alisema Shukriya kwa furaha ya kupaka. "Khulood, mwonyeshe ami yako mapicha."

Khulood akasogea, akafungua bahasha, akamwekea baba yake picha magotini. "Baba, mwambie ami, hii wapi?"

Ilikuwa picha ya nguzo za Roma, na yeye Badar mbele yake amekunjua mikono. Badar aliitazama kwa makini. "Ibra," alisema. "Mtaa wetu wa zamani. Wamefariki wote."

Khulood akacheka. "Baba naye!" Akatazama huku na huku ili wenziwe wacheke. Nadhir akatabasamu nusu. Musallam hakucheka, akaichukua picha taratibu kutoka magotini mwa ndugu yake, akairudisha kwenye bahasha.

"Tule halwa," alisema Shukriya. "Halwa hii ya hapa hapa Nizwa, ya moto, mkiiacha itaganda. Halafu kuna zawadi. Badar amekuchukulia..."

"Shemeji," alisema Musallam. "Ngoja kidogo." Alijivuta mpaka magoti yake yakagusana na ya mdogo wake, akakiacha Kiarabu, akamwuliza kwa Kiswahili kile walichokua nacho Tabora, wakilala kitanda kimoja. "Haya, Badar. Kahawa tumekunywa. Sasa nipe habari yenyewe."

Shukriya alisimama na dele mkononi. Hakuwa na hila iliyobaki. Alizitafuta, akakuta pamebaki pakavu, na jambo lililomtisha ni kwamba alikuwa karibu kutojali.

Badar alikiweka kikombe chini, akafuta kiganja kwenye kanzu.

"Habari ipo," alisema. "Shukriya kachoka."

Musallam akamsogezea sikio.

"Kachoka sana. Mimi nilimwapisha asikwambieni, Musallam, weye hasa. Kichwa changu kinaniacha. Daktari kasema. Naye hakusema kwa mtu, kanyamaza, kanichukua huko kote." Alisita, macho yakatafuta kitu juu ya zulia. "Mahali nimepasahau. Kulikuwa na kuta, na falaji iliyokufa. Lakini kashika viatu vyangu. Nyumba kubwa, nguzo tele, na yeye nyuma yangu kashika viatu vyangu analia. Hilo sikulisahau. Nalishika kila siku asubuhi lisije likaniponyoka, nikwambie ukija." Akainua uso kwa kaka yake. "Basi mpokeeni. Mtu akitoka safari na mzigo hupokewa."

Khulood alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Shukriya alitaka kukanusha, kwa mazoea tu, aseme bwana anapenda mzaha, msimsikilize, akaacha. Kiapo alichokibeba miezi yote ile, mwenyewe aliyemwapisha ndiye aliyekitua, tena sebuleni, mbele ya mtu yule yule.

Musallam aliinuka. Aliinuka kwa shida, bila ya fimbo, mzee wa ukoo mzima, akamwendea mke wa mdogo wake na kulichukua dele mkononi mwake. Nadhir akaruka kutaka kulipokea na mzee akamkemea kwa jicho. "Kaa, Shukriya," alisema. Hakusema shemeji, hakusema bibi. Shukriya akakaa palepale alipokuwa, chini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele ya wageni bila ya kuificha.

"Na nyinyi," Badar alimwuliza kaka yake kwa ukarimu, "mmerudi lini safari?"

"Leo," alisema Musallam. "Tumerudi leo." Akainama, akamjazia Shukriya kikombe. Shukriya akakinywa. Musallam akangoja, dele limeinamishwa, na Shukriya akamnyooshea tena kikombe bila ya kukitikisa.